Bloku imeshika, mgonjwa bado anaumwa: kisa cha ngiri iliyorekebishwa kwa matundu madogo

Kisa hiki kimetoka katika hospitali ya rufaa ya ukanda wa pwani. Mambo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa yameondolewa au kubadilishwa. Vipimo vya dawa na mtiririko wa saa vimebaki, kwa kuwa humo ndimo mna la kujifunza. Kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi wa chumba cha kuzindukia na wa wodini, matabibu wa usingizi, na madaktari walio mafunzoni. Kinahusu jambo linalotokea mara nyingi na kuandikwa mara chache: mgonjwa kachomwa ganzi ya neva, yaani bloku, ganzi imeshika vizuri, na bado analia maumivu.

Mgonjwa na ngiri yake

Mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mwenye uzito wa kilo 60, anayeishi kwa kazi za mikono. Alikuwa na ngiri ya kinena upande wa kulia kwa miaka kadhaa. Uvimbe ulitokeza akisimama muda mrefu au akikohoa, akilala ukarudi ndani. Haukuwahi kunasa. Hakuwa na kisukari, presha, vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, na hakuwa na mzio wa dawa yoyote.

Kwenye karatasi ya kliniki ya upasuaji kulikuwa na mstari mmoja mfupi: huamka mara mbili usiku kukojoa, mkojo hutoka kwa shida kidogo. Daktari wa kliniki aliuliza hilo kwa sababu nzuri. Mwanaume mwenye tezi dume iliyokua hujikamua kila anapokojoa, na kujikamua huko husukuma ngiri nje. Lakini mstari ule haukunakiliwa kwenye fomu ya usingizi. Tutaurudia.

Wengi wenye ngiri ya kinena katika ukanda wetu hupasuliwa kwa mkato wa wazi, chini ya ganzi ya mgongo au ganzi ya kuchoma palepale. Huyu alipangiwa matundu madogo, kwa kuwa hospitali ilikuwa na vifaa na daktari mpasuaji aliyezoea kazi hiyo, naye mwenyewe alitaka kurudi kazini mapema. Tundu moja la milimita 10 hukatwa kitovuni, na mengine mawili ya milimita 5, moja kila upande. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi, utando wa ndani wa tumbo hufunguliwa eneo la kinena, kifuko cha ngiri huvutwa ndani, neti hutandazwa juu ya upenyo, kisha utando hufungwa tena juu ya neti. Kwa kawaida kazi hii huhitaji nusu kaputi.

Hapo tayari kuna jambo la kulishika. Mkato wa wazi una maumivu yake, na yako mahali pamoja. Matundu madogo yana maumivu madogo zaidi kwa jumla, lakini yametawanyika: ya ngozi na misuli kwenye matundu, ya ndani kinenani ulikochanwa utando, ya kibofu kilichosukumwa wakati wa kutengeneza nafasi ya neti, na ya bega kwa sababu ya gesi. Sindano moja haiwezi kuyafikia yote.

Mpango wa ganzi, na hesabu iliyofanywa kabla ya kufungua kichupa

Daktari wa usingizi alipanga bloku ya TAP, yaani ganzi inayochomwa kati ya tabaka za misuli ya ukuta wa tumbo, pande zote mbili, kwa ultrasaundi, mgonjwa akiwa tayari amelala. Bloku hii ilielezwa na daktari aitwaye Rafi mwaka 2001 kwa njia ya kupapasa pembetatu iliyo juu ya mfupa wa nyonga. Miaka michache baadaye ikaanza kufanywa kwa kuangalia kwenye ultrasaundi, na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Ukuta wa tumbo ubavuni una tabaka tatu za misuli. Neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia T10 inayohudumia eneo la kitovu hadi L1 inayohudumia kinena, hupita kati ya msuli wa kati na ule wa ndani kabisa. Ukiijaza nafasi hiyo dawa ya ganzi, unazima hisia za ngozi, misuli na sehemu ya utando wa mbele wa tumbo.

Kwa nini pande zote mbili wakati ngiri ni ya kulia tu? Kwa sababu matundu yako pande zote, na la kitovuni liko katikati, ambako neva za kulia na kushoto hukutana.

Mpasuaji naye alikuwa na desturi yake. Kila anapomaliza huchoma dawa ya ganzi iitwayo bupivakeini, ya asilimia 0.5, mililita 10, kwenye matundu yote. Ni desturi nzuri. Tatizo ni kwamba katika vyumba vingi vya upasuaji, anayetoa usingizi ana sirinji yake, mpasuaji ana yake, na hakuna anayejumlisha.

Siku hiyo walijumlisha. Kikomo walichokitumia cha bupivakeini ni miligramu 2 kwa kila kilo, maana yake miligramu 120 kwa mgonjwa huyu. Bloku ya mililita 20 za asilimia 0.25 kila upande ingekula miligramu 100. Mpasuaji akiongeza mililita 10 za asilimia 0.5, hizo ni miligramu 50 nyingine. Jumla miligramu 150, tena kwa mtu mwembamba. Kila mmoja angekuwa ametoa kipimo cha kawaida kabisa, na mgonjwa angekuwa amezidishiwa.

Wazo la kwanza lilikuwa mpasuaji atumie lidokeini badala yake. Lilikataliwa, na kwa haki: sumu za dawa mbili za ganzi hujumlishana, huwezi kumpa mtu kikomo cha moja na kisha kikomo cha nyingine. Uamuzi ukawa huu. Kitafunguliwa kichupa kimoja tu cha bupivakeini ya asilimia 0.5, mililita 20, chenye miligramu 100. Kitachanganywa na mililita 20 za maji ya chumvi kupata mililita 40 za asilimia 0.25. Kumi na tano zitaenda ubavu wa kulia, kumi na tano wa kushoto, na kumi zilizobaki zitatiwa kwenye sirinji yenye lebo na kuwekwa kwenye meza ya mpasuaji. Kichupa cha pili hakifunguliwi.

Mbinu hii naipenda kuliko hesabu yoyote iliyoandikwa ubaoni. Hesabu inaweza kusahaulika katikati ya kazi, ila dawa ambayo haipo mezani haiwezi kuchomwa. Kabla ya kuanza walihakikisha pia kuwa mafuta ya mshipani ya asilimia 20 yapo na wapi yalipo. Mgonjwa akipata degedege au moyo ukayumba kwa sumu ya ganzi, mafuta hayo hutolewa kwa kuanzia mililita 1.5 kwa kilo, ambazo kwa huyu ni mililita 90. Dakika ile si ya kutafuta funguo za stoo.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Bloku ilichomwa saa saba na nusu mchana. Probu ya ultrasaundi iliwekwa ubavuni, kati ya mfupa wa nyonga na mbavu za chini, na tabaka tatu zikaonekana wazi. Sindano ilifuatwa kwenye skrini hadi ncha ilipofika mahali pake, maji ya chumvi kidogo yakatangulizwa kuthibitisha kwamba nafasi inafunguka, kisha dawa ikaingizwa kidogokidogo huku sirinji ikivutwa nyuma kuangalia damu. Pande zote mbili dawa ilitanda vizuri kati ya misuli.

Upasuaji ulichukua muda wa saa moja na zaidi, gesi ikiwa kwenye shinikizo la milimita 12 za zebaki. Neti ilibanwa kwa vishikizo vichache, vyote upande wa juu, mbali na eneo la chini kwa nje ambako neva za paja hupita. Fentanili, dawa kali ya maumivu, mikrogramu 100 ilitolewa mwanzoni. Saa nane na nusu mgonjwa akapewa parasetamoli gramu 1 na diklofenaki miligramu 75. Deksamethasoni miligramu 8 ilitangulia, kwa kichefuchefu. Dripu iliyoingia ilifika lita moja na nusu. Mpira wa mkojo haukuwekwa, kwa kuwa alikuwa amekojoa wodini saa tano asubuhi na kibofu hakikuwa kimejaa tumbo lilipofunguliwa.

Saa ya kwanza baada ya kuzinduka

Mgonjwa aliamka vizuri. Baada ya kama robo saa akaanza kugeukageuka, uso umekunjamana, jasho likimtoka. Mapigo ya moyo 104, presha 158 kwa 92. Muuguzi alimwuliza kutoka sifuri mpaka kumi ni ngapi, akajibu nane.

Utaratibu wa chumba ulisema: maumivu yakizidi sita, mofini miligramu 2 mshipani, rudia baada ya dakika kumi. Muuguzi akafuata. Miligramu 2, kisha 2 tena. Namba ikashuka hadi saba. Kwenye fomu aliandika "bloku haijashika" na akamwita daktari wa usingizi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyookoa mchana.

Daktari alipofika hakuuliza namba. Alisema, "Baba, nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma."

Mgonjwa aliweka kidole juu ya bega la kulia. Kisha akakishusha hadi chini kabisa ya tumbo, katikati, juu ya mfupa wa mbele.

"Na kwenye vidonda?"

"Huko sisikii kitu, dokta. Bega ndilo linanikata. Na hapa chini kumejaa, nashindwa hata kulala."

Pamba yenye spiriti ilipitishwa kifuani, akasema baridi. Ikapitishwa kuanzia juu kidogo ya kitovu kushuka pande zote, akasema anahisi anaguswa ila baridi hakuna. Upande wa kulia ubaridi ulianza kurudi karibu na kinena. Bloku ilikuwa imeshika pale inapotarajiwa kushika.

Kabla ya kusema chochote kuhusu kibofu, daktari na mpasuaji walijiuliza maswali mengine mawili. Je, anavuja damu ndani, au utumbo umetobolewa? Tumbo lilikuwa laini, halikuwa gumu wala kupanuka, viganja vilikuwa na joto, na presha ilikuwa juu, haikuwa ikishuka. Je, kuna neva iliyobanwa na kishikizo? Hiyo huleta maumivu ya kuunguza yanayoshuka nje ya paja au mbele yake, mara nyingi mgonjwa akiwa ndiyo kwanza ameamka, na mpasuaji lazima ajulishwe palepale kwa sababu huenda kishikizo kikahitaji kutolewa. Mgonjwa hakuwa na dalili hiyo.

Ultrasaundi ileile iliyotumika kwa bloku ikawekwa chini ya kitovu. Kibofu kilikuwa kimejaa.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumpa nafasi ya kukojoa mwenyewe akiwa amesimama. Wanaume wengi hawawezi kukojoa wamelala, tena mbele ya watu. Lakini kabla ya kumsimamisha, daktari alimwomba anyooshe kila goti na kuinua kila mguu dhidi ya kiganja. Sababu nitaieleza mbele. Miguu yote ilikuwa na nguvu. Pazia likavutwa, nduguye mmoja wa kiume akaruhusiwa kumshika. Alitoa mkojo kidogo, kisha ukakatika.

Uamuzi wa pili: mpira wa kuingiza na kutoa mara moja, badala ya mpira wa kukaa. Zilitoka mililita 550, mkojo mweupe usio na damu. Mpasuaji alitaka kuuona mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi karibu na kibofu. Ndani ya dakika chache mgonjwa alinyoosha miguu na kufumba macho. Namba ikawa tatu, na ile tatu yote ilikuwa bega.

Kuhusu bega alielezwa kwamba gesi iliyobaki tumboni na kuvutwa kwa kiwambo (msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo) husikika begani, kwa sababu neva ya kiwambo inatoka shingoni pamoja na zile za bega, na kwamba hali hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Hakupewa mofini nyingine. Saa kumi na moja jioni akapelekwa wodini.

Usiku

Alipangiwa kulala usiku mmoja, kwani kwao ni mbali na usafiri wa usiku ni wa shida. Dawa zilizoandikwa zilikuwa parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa sita, na diklofenaki ya vidonge "akiumwa".

Saa tatu usiku muuguzi wa wodi alipita na vidonge. Mgonjwa alikuwa amekula uji, anazungumza na jirani yake. "Mwanangu, siumwi popote. Vidonge vya nini? Wape wenye shida." Muuguzi akaandika kwamba mgonjwa amekataa dawa, akaendelea na wengine. Alikuwa peke yake na wodi nzima.

Saa saba usiku mgonjwa aliamshwa na maumivu ya kinena na kitovu. Kugeuka hakuwezi, kukohoa hakuwezi. Namba saba. Safari hii vidonda vyenyewe vilikuwa vinauma. Alipewa tramado, dawa kali ya maumivu, miligramu 100 kwa sindano. Baada ya nusu saa akatapika mara mbili, na kila kutapika kulimkaza tumbo lote. Alilala karibu na alfajiri.

Matokeo

Asubuhi mpasuaji alimkuta tumbo likiwa laini na vidonda vikavu. Alikuwa anakojoa mwenyewe, ingawa polepole. Alianzishiwa parasetamoli kila baada ya saa sita na diklofenaki mara mbili kwa siku baada ya chakula, kwa siku tatu, anaumwa au haumwi. Hadi mchana alikuwa anatembea ukumbini. Aliruhusiwa jioni, badala ya asubuhi kama ilivyokuwa imepangwa. Akapewa pia rufaa ya kliniki ya mkojo.

Aliporudi baada ya wiki mbili alikuwa na maumivu madogo akiinua kitu kizito tu. Miezi mitatu baada ya upasuaji hakuwa na maumivu, wala ganzi ya paja au ya korodani. Kipindi hicho kina maana, kwa kuwa maumivu yanayovuka miezi mitatu baada ya kurekebishwa ngiri ndiyo huitwa sugu, na ndiyo humtesa mtu kuliko ngiri yenyewe.

Uchambuzi: namba bila mahali

Kipimo cha sifuri hadi kumi kimefanya kazi kubwa hospitalini. Kimelazimisha maumivu yaandikwe, na zamani hayakuandikwa. Lakini kwa mgonjwa mwenye bloku namba peke yake inapotosha. Nane ya kidonda na nane ya kibofu ni namba moja, na matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Muuguzi alifuata utaratibu uliobandikwa ukutani. Lawama, kama ipo, ni ya utaratibu. Ulimpeleka moja kwa moja kwenye mofini, na mofini huzidi kulegeza kibofu kisiweze kujikamua. Kila miligramu iliyoongezwa ilikuwa inalisha chanzo cha maumivu. Kama daktari angekuwa kwenye upasuaji mwingine na mofini ikafika miligramu 10, tungekuwa na mgonjwa mwenye usingizi mzito, anayepumua taratibu, na kibofu cha lita moja.

Maneno "bloku haijashika" nayo yana madhara ya muda mrefu. Fomu hizo husomwa. Baada ya miezi michache mtu hujumlisha bloku zilizofeli na kukata shauri kwamba hazifai, wakati baadhi yake zilifanya kazi yake na maumivu yalikuwa kwingine. Sehemu ya kupima ubaridi kwa pamba ya spiriti haigharimu chochote na inatoa jibu ndani ya dakika moja.

Uchambuzi: mstari uliobaki kliniki

Mambo yaliyomweka mgonjwa huyu kwenye hatari ya kushindwa kukojoa yalikuwa yanajulikana kabla hajalala: mwanaume aliyepita hamsini, mkojo wa shida, upasuaji wa kinena, dripu nyingi. Yaliyo mikononi mwetu ni machache lakini yanatosha. Angeombwa akojoe tena kabla tu ya kuitwa, hasa baada ya orodha kuchelewa. Alikojoa saa tano asubuhi, akaingia saa saba mchana ikiwa imeshapita. Dripu ingeweza kupunguzwa, kwani upasuaji usiovuja damu hauhitaji lita moja na nusu kwa mtu wa kilo 60. Na mstari wa kliniki ungenakiliwa kwenye fomu ya usingizi, daktari angemwambia muuguzi wa chumba cha kuzindukia: akihangaika, angalia kibofu kwanza.

Uchambuzi: dawa tatu zilikwisha pamoja

Sehemu hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inazuilika kabisa na bado inarudiwa. Bupivakeini ya sindano moja kwenye bloku ya TAP haidumu usiku na mchana. Kwa wengi hupungua nguvu baada ya saa kadhaa, na kwa huyu ilikwisha baada ya takriban saa kumi na moja na nusu. Diklofenaki ya saa nane na nusu mchana ilikuwa imefika ukingoni. Parasetamoli ilikwisha mapema zaidi, na ya saa tatu ilikataliwa. Kwa hiyo saa saba usiku mgonjwa alikuwa hana kinga hata moja, na hisia zake zote zilikuwa zimerudi kwa mpigo.

Alikataa vidonge kwa sababu za mtu mwenye akili timamu. Hakuna aliyemwambia kwamba utulivu ule ni wa kuazima. Kwake yeye, vidonge vya maumivu humezwa na mwenye maumivu. Kama angeambiwa, "Baba, ganzi hii itaisha usiku wa manane, na vidonge hivi vinatakiwa viwe vimeshaingia kazini kabla haijaisha," angemeza. Sentensi hiyo inapaswa kusemwa mara mbili: kabla ya upasuaji na wakati wa kumpokea wodini, na ndugu anayemuuguza awepo anasikia.

Upande wa maandishi, "akiumwa" halikuwa neno la kuandika kwa diklofenaki ya usiku ule wa kwanza. Mgonjwa hana vidonda vya tumbo wala tatizo la figo. Ilitakiwa iandikwe kwa saa. Pia makabidhiano kati ya chumba cha kuzindukia na wodi yalitaja jina la bloku, hayakutaja ilichomwa saa ngapi. Muuguzi wa usiku alikuwa na mgonjwa mtulivu anayekataa dawa, bila habari ya kumwonyesha kwamba utulivu una mwisho unaojulikana. Tramado ya haraka nayo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Kutapika ni athari yake ya kawaida, hasa ikiingia kwa kasi, na tumbo lenye neti mpya halihitaji mkazo ule.

Kwa nini miguu ilipimwa

Kuna wanaochoma bloku za ukuta wa tumbo miaka mingi bila kulijua hili. Dawa ikiingia chini ya msuli wa ndani kabisa badala ya juu yake, au ikiwa nyingi ikateleza, inaweza kushuka hadi kwenye neva kubwa ya mbele ya paja. Goti halitanyooka kwa nguvu. Mgonjwa hajui hilo akiwa amelala. Atalijua anaposhuka kitandani na kuanguka, pengine chooni, peke yake. Ndiyo maana goti linapimwa kabla ya kusimama mara ya kwanza. Likiwa legevu, mgonjwa anaelezwa kwamba ni ganzi na itaisha, anabaki kitandani au anatembea akishikwa, wala harudishwi nyumbani siku hiyo kwa bodaboda.

Je, bloku ilihitajika?

Wenzangu wengine wangesema ndiyo bila kusita. Mimi nasita. Kwa ngiri ya mkato wa wazi, mwongozo wa kimataifa wa ngiri za kinena uliotolewa mwaka 2018 unapendekeza waziwazi ganzi ya eneo kwa kila mgonjwa, na ninaukubali. Kwa matundu madogo hali si hiyo. Tafiti za bloku ya TAP baada ya ngiri ya matundu zimetofautiana. Faida inayoonekana ni ya saa za mwanzo, na inapungua pale mpasuaji anapochoma ganzi kwenye matundu yake kwa uangalifu na mgonjwa anapopata parasetamoli na diklofenaki kwa wakati.

Kwa mgonjwa huyu, bloku ilimpa mchana na jioni bila maumivu ya vidonda, na ikamwepusha na mofini zaidi. Haikugusa bega wala kibofu, na haikuwa na uwezo wa kuvigusa. Kama angekuwa mgonjwa wa pumu kali, mwenye tatizo la kukosa pumzi usingizini, au mwenye figo asiyeruhusiwa diklofenaki, ningeitaka bloku ile bila mjadala. Kwa mtu mzima mwenye afya, katika hospitali ambayo haina ultrasaundi, sirinji ya mpasuaji na vidonge vilivyoandikwa kwa saa vinatoa sehemu kubwa ya nafuu hiyohiyo. Daktari wa hospitali ya wilaya asione kwamba anamnyima mgonjwa wake kitu.

Hospitali husika ilibadilisha fomu yake baada ya kujadili kisa hiki. Karibu na nafasi ya namba ya maumivu sasa kuna mchoro wa mwili, mbele na nyuma, ambapo muuguzi anatia alama mahali mgonjwa alipoonyesha kwa kidole. Chini yake kuna mistari mitatu ya kujazwa kabla ya mofini ya kwanza: ubaridi umepimwa wapi, mkojo wa mwisho saa ngapi, magoti yananyooka au hayanyooki. Na juu ya kitanda cha kila aliyechomwa bloku hubandikwa karatasi yenye saa ya sindano na saa ya kumpa vidonge, na vidonge hivyo hutolewa hata akiwa anacheka.